Kishikwambi cha Kisenyi

Nakhisa aliuza sufuria na chupa za chai pale Nakivubo, kwenye baraza ya duka la jumla, na hakuhitaji kibao cha kumtangaza. Sauti yake ilitosha. Ilikuwa nene kidogo, yenye mkwaruzo wa kupendeza, na ilipopanda juu ya honi na kelele za stendi, mtu aliyekuwa akienda zake aligeuka bila kujua kwa nini amegeuka. "Njoo uone, kuona si kununua!" Wafanyabiashara wa Kongo walimjua, na akina mama waliotoka Juba kufuata bidhaa walimjua. Wakenya wenzake waliohamia Kampala walipita kwake hata siku ambazo hawana haja na sufuria, ili waongee tu Kiswahili cha nyumbani na mtu ambaye maneno hayamwishii.

Mkwaruzo ulipozidi, alisema ni vumbi. Akanywa tangawizi. Akanywa ndimu na asali, akanywa na majani machungu aliyopewa na muuza nyanya wa jirani. Lakini sauti ilianza kumtoroka alasiri, kisha ikawa inamtoroka tangu asubuhi, na ukafika wakati akawa anawapungia wateja mkono kama mtu anayefukuza kuku. Aliyemkamata na kumpeleka hospitali alikuwa Bushira, jirani yake wa Kawempe, mjane wa Kinubi aliyeishi kwa kusuka kawa za rangi za kufunikia chakula. Ukuta mmoja tu ndio uliotenganisha vyumba vyao, na Bushira alichoka kusikia kikohozi kile kila alfajiri anapoamka kuswali.

"Leo huendi sokoni," alimwambia akiwa tayari amevaa buibui. "Leo unakuja na mimi. Ukikataa nakubeba, na mimi mgongo wangu mbaya, utaona aibu."

Daktari alisema ni uvimbe kwenye zoloto, na kwamba ni saratani, ila haijasambaa. Ingeweza kuondolewa yote, naye akaishi. Ila sauti ingeondoka pamoja nayo.

"Sauti yote?" Nakhisa aliuliza kwa ile kidogo iliyobaki.

"Yote, mama. Na utakuwa unapumulia hapa." Daktari akagusa chini ya koo lake mwenyewe, pale kola ya shati inapokutana.

Nje ya chumba kile, kwenye benchi, Nakhisa hakulia. Alikaa akiitazama mikono yake. Muuguzi mmoja aitwaye Alum, mwanamke wa kabila la Lango la kaskazini, mwenye maneno machache, alikuja akakaa kando yake.

"Kabla hujaja kulazwa," Alum alisema, "jirekodi. Tafuta simu nzuri au tabuleti. Sema maneno yako ya kila siku, yale unayotumia nyumbani na kazini. Kuna programu zinayapanga kama vitufe. Ukigusa, inasema wewe. Wengi hatuwaambii mapema, wanakuja kujuta."

Simu ya Nakhisa ilikuwa ya tochi, ya kupigia na kupokea tu. Jioni ile alimpigia mdogo wake, Wandera, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya bima Nairobi, akamweleza kila kitu kwa kunong'ona. Wandera alijibu haraka haraka, kama mtu anayetaka kupita mahali pabaya.

"Dada, usinunue takataka za mtaani. Nakuagizia ile yenyewe, ya kampuni yenye jina. Mwisho wa mwezi nitakuwa nayo mkononi."

"Mwisho wa mwezi sitakuwa na sauti ya kukushukuru, Wandera."

Akasikia upande wa pili mdogo wake akivuta pumzi.

Kesho yake Bushira alimpeleka Kisenyi, kwa mdogo wake Abdul-Latif. Kibanda cha Abdul-Latif kilibanwa kati ya gereji na duka la Wasomali la mchele, na mtu aliyetaka kusikika pale ilibidi asubiri nyundo ipumzike. Chini ya kioo cha meza alipanga simu, chaja, na vishikwambi vya majina ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, na alipoelezwa haja yao hakuchangamka kama muuza duka. Alivua kofia yake, akaikalisha magotini.

"Nyabo," akasema, kama Kampala wanavyomwita mama yeyote, "mimi sikudanganyi, maana dada yangu atanichinja. Hii si ile unaona kwenye televisheni. Hii ya Uchina, hata jina lake mimi nasoma kwa shida. Ukigusa, inafikiri kwanza. Juani huoni kitu. Spika yake kama mtu anaongea ndani ya debe."

"Sasa uzuri wake ni nini?" Bushira aliuliza kwa ukali.

"Uzuri wake iko hapa leo."

Nakhisa alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi. Abdul-Latif alisubiri kiishe. Kisha akafungua kifuniko kidogo ubavuni mwa kishikwambi kimoja cheusi, akachomeka kadi ndogo kama ukucha. "Kila utakachosema kitakaa humu kwenye kadi. Siku hiki kitu kikifa, na siku moja kitakufa, kadi haifi nacho." Akawawekea programu ya vitufe, akamfundisha Nakhisa mara ya kwanza, akamfundisha tena, na bei aliyowapa ilikuwa ya kununulia, si ya kuuzia. Bushira alitaka kubishana hata hiyo. Nakhisa akamvuta mkono.

Walirekodi chumbani kwa Bushira, kwa sababu kilikuwa na zulia na mapazia mazito. Hata hivyo mvua ilianza kunyesha, na bati halina adabu. Wakasubiri. Mvua haikuwa na mpango wa kwisha, na siku ya kulazwa ilikuwa imekaribia, kwa hiyo wakaanza tu. Nakhisa alikaa chini na kishikwambi mapajani. Bushira alikaa nyuma yake karibu na mlango, kawa yake mkononi, sindano ikiingia na kutoka kwenye ukindu.

Alianza na maneno ya sokoni: njoo uone, kuona si kununua, karibu, hii ni nzito hii, gonga usikie, nikufungie ngapi, punguza kidogo na mimi nipunguze. Akasema maneno ya nyumbani: nina njaa, nina baridi, niache nilale. Akataja majina ya watu wake, moja moja, na jina la Wandera akalirudia kwa sababu la kwanza lilitoka kama anamkemea.

"Weka na ya kugombana," Bushira alisema.

"Ya nini?"

"Watu wakishajua huwezi kujibu, watakukalia kichwani. Weka moja kali."

Nakhisa akajikusanya, akasema kwa nguvu zote zilizobaki: "Niondolee upuuzi wako hapa, mimi si mtoto wako!" Wakacheka wote wawili hadi Bushira akadondosha sindano. Mwisho akasema asante. Alisema nyingi: ya mteja, ya muuguzi, ya mtu aliyekupisha njiani, na moja ya polepole ambayo hakumwambia Bushira ni ya nani. Kati ya neno na neno alikuwa akipumzika, kwa kuwa koo lilimwuma. Kishikwambi kiliendelea kurekodi, na mvua ikaendelea kupiga bati.

Operesheni ilikwenda vizuri. Alipozinduka, kulikuwa na tundu chini ya koo na mirija ambayo hakutaka kuihesabu, na Alum alikuwa ameinama juu yake. Nakhisa alifungua kinywa na hakikutoka kitu. Alijua hakitatoka, lakini kujua ni jambo moja. Alum akamwekea kishikwambi chini ya kiganja. Nakhisa akagusa. Kishikwambi kikafikiri kwanza, kama kilivyoahidiwa. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, kikasema kutoka ndani ya debe: "Asante, muuguzi." Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza kichwa. Alum alikishika kile kiganja kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyomtaka.

Alirudi Nakivubo alipopata nguvu, shingo ikiwa imefunikwa kwa kitambaa chepesi. Kishikwambi alikitundika kifuani kwa kamba. Alikigusa wateja walipokaribia, na wale wa zamani walisimama ghafla na kumwangalia, kwa sababu sauti ilikuwa ileile na midomo haikucheza. Wengine walilia. Wengi walinunua. Lakini kile kitu kilikuwa na vituko vyake. Juani ilibidi akifunike kwa upande wa kanga ili aone vitufe. Jasho la kidole likikigusa, kilijibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Siku moja mchungaji wa Kiganda wa kanisa la karibu alinunua chupa ya chai, akasema, "Mungu akubaliki sana, mama." Nakhisa akagusa asante. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akasogeza kidole, ukurasa ukaruka, na kishikwambi kikapaza sauti: "Niondolee upuuzi wako hapa, mimi si mtoto wako!"

Mchungaji alirudi nyuma hatua nzima. Augustin, Mkongo aliyekuwa akichagua sufuria za kupeleka Bunia, alicheka hadi akakalia mojawapo iliyogeuzwa. Nakhisa alishika kifua kuomba radhi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika, na mchungaji alipoona mabega yale, akaelewa, akacheka pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu operesheni Nakhisa kucheka. Aligundua kwamba kicheko hakihitaji sauti kama alivyodhani.

Mwisho wa mwezi aliouahidi Wandera ulipita, na mwingine ukapita, kwa maana ruhusa kazini haikupatikana. Alipofika Kampala alifika na sanduku jeupe lililofungwa vizuri hata Bushira akasita kulifungua, akasema kuchana karatasi ile ni dhambi. Ndani kulikuwa na kishikwambi chembamba kama sinia ya bati. Kioo chake kiliwaka hata juani. Ukikigusa, kilikuwa kimeshafika kabla yako. Na juu ya yote, hakikuhitaji maneno yaliyorekodiwa: Nakhisa aliandika chochote, nacho kikakisoma kwa Kiswahili safi.

Usiku haujaingia bado, ndugu wale wawili walikaa mlangoni, Nakhisa akaandika na kile kitu kikasema. Alimwambia Wandera jinsi alivyoogopa. Alimwambia kwamba ndotoni bado anaongea, na kwamba siku nyingine hukasirika na watu wanaopoteza sauti zao kwa umbea. Hayo yote hayakuwa kwenye vitufe vya Kisenyi, kwa sababu siku ile ya mvua hakujua kwamba angeyahitaji. Wandera alisikiliza, mikono usoni.

"Nisamehe nilichelewa," akasema.

Nakhisa akaandika, na sauti ya kigeni ikasema kwa upole: "Umefika. Asante, mdogo wangu."

Kweli alishukuru. Ila sauti ile ilikuwa ya dada fulani asiyejulikana, mwenye kutamka kila herufi kama mtangazaji wa taarifa ya habari, na Nakivubo haikuipokea vizuri. Kampala mtu akisikia Kiswahili kilichonyooka namna ile, kwanza anafikiri ni askari. Mteja mmoja wa Kiganda aliposikia "Karibu sana, ungependa kuona bidhaa gani?" aliangalia nyuma yake, akauliza, "Nyabo, kuna polisi hapa? Mimi nataka sufulia tu." Wateja wa zamani walisikiliza kwa heshima na kuondoka mapema. Tena Nakhisa hakuwa na raha. Kitu kile kilikuwa kizuri mno, kila aliyepita alikitupia jicho, naye alishinda akikificha ndani ya sufuria kubwa na kukitoa kama mtu anayeiba mali yake mwenyewe. Siku ya tatu akakiacha nyumbani, akarudi na kile cheusi.

Wandera hakupenda. "Dada, kile ni kitu cha kuchezea watoto. Nimekuletea bora kuliko vyote, halafu unatundika debe shingoni?"

Nakhisa hakuwa na namna ya kueleza bila kumwumiza. Aligusa kitufe kimoja, na kishikwambi cheusi kikasema: "Wandera." Basi. Jina tu, kwa sauti ya dada yake, lile la pili, lisilo na kukemea. Wandera akatazama pembeni, akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Haikupita wiki, kile cheusi kikafa. Nakhisa alikikuta asubuhi kimevimba mgongoni kama mandazi, kioo kimeinuka upande mmoja, na hata alipokibonyeza hakikuwaka. Alikaa kitandani akikishika kwa mikono yote miwili. Bushira alipoingia kumsalimu, aliona uso ule akajua, akaita, "Wandera! Vaa viatu!"

Kisenyi, Abdul-Latif alikifungua kwa bisibisi ndogo, akaguna. "Betri imevimba, imekula na ubao wa ndani. Huyu amekwenda." Kwa Nakhisa neno lile lilikuwa zito kuliko alivyotaka Abdul-Latif. Machozi yalimtiririka bila kishindo chochote, na nyundo za gereji zikaendelea tu. Abdul-Latif aliinua macho, akashtuka. "Nyabo! Hapana, hapana. Mimi nilisema nini siku ile? Kadi haifi nacho." Akaitoa kwa ncha ya ukucha, akaipuliza, akaiweka kwenye kompyuta yake kuukuu. Orodha ikatokea kwenye kioo. Karibu. Gonga usikie. Asante. Yote yalikuwapo.

Wandera akatoa kishikwambi chake cha thamani mkobani. Akakigeuza, akakikagua pembe zote. Hakikuwa na mahali pa kuchomeka kadi.

"Hizi kubwa hazina," Abdul-Latif alisema, bila dhihaka. "Lakini kuna waya. Leta." Alihangaika nayo kwa muda, akikwama na kuuliza, Wandera akimsomea maandishi na kuweka namba zake za siri inapodaiwa. Vichwa vyao vilikutana juu ya meza ile, mmoja wa bima na mmoja wa Kisenyi, hadi Abdul-Latif akapiga kofi moja la furaha. Kazi imekwisha.

Pale kibandani hapakuwa na utulivu wa kusikiliza. Walirudi Kawempe, Bushira akaenda zake kuangalia maharage aliyoyaacha motoni, na Nakhisa na Wandera wakafunga mlango. Wandera akapandisha sauti. Nakhisa akagusa.

Hakuwa tayari. Spika zile nzuri zilimrudisha chumbani mzima mzima. Ule mkwaruzo, pumzi kabla ya neno, ulimi ukigusa meno, vyote ambavyo kile cheusi kilikuwa kikivimeza. "Njoo uone, kuona si kununua." Wandera alifumba macho. Wakaendelea, neno baada ya neno, mvua ikilia nyuma yake, hadi Wandera akainua kidole.

"Ngoja. Kuna mtu mwingine humu."

Akarudisha. Katika nafasi iliyofuata "niache nilale", pale Nakhisa alipokuwa akipumzisha koo, chini ya mvua palikuwa na mnong'ono. Wandera akapandisha sauti hadi mwisho. Ulikuwa wa mwanamke, wa Kinubi, wa haraka, kama mtu anayesema na aliye karibu sana naye. Wandera hakuelewa kitu. Nakhisa alielewa, kwa maana huwezi kukaa ukuta mmoja na mtu miaka yote ile usijue anavyoomba. Ya Rabbi, mnong'ono ulisema, chukua sauti, uniachie mtu. Sauti ichukue, mtu uniachie.

Wakasikiliza nafasi nyingine. Ulikuwapo. Katika kila pumziko, nyuma ya kila neno, wakati Nakhisa akidhani ni sindano na ukindu tu, Bushira alikuwa akimwombea.

Wandera aliuliza anasema nini. Nakhisa akamwandikia. Aliposoma, alivua miwani yake, akaifuta kwa shati ambalo lilizidi kuichafua.

Nakhisa alibeba kishikwambi akaenda upande wa pili wa ukuta. Bushira alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, anakoroga. Nakhisa hakumchezea rekodi. Aliona ni kama kumvua mtu kitambaa. Alikaa juu ya kigoda, akaandika, na yule dada mtangazaji akasema kwa utaratibu wake wote: "Nilikusikia ukiniombea siku ya mvua."

Mwiko ukasimama. "Mimi? Nani amesema?"

"Imo kwenye rekodi. Yote."

Bushira aliangalia kishikwambi, akamwangalia Nakhisa, akaangalia maharage. "Kumbe kile kitu cha Abdul-Latif kinywa hakina," alisema mwishowe, "lakini masikio kinayo." Na hapo sauti ikamvunjika. Nakhisa akapiga magoti kwenye saruji, wakakumbatiana na mwiko katikati yao, na maharage yakaungua kidogo chini. Alitafuta neno la kuandika, mikono haikuwa huru. Basi akasema kwa midomo mitupu, asante, na Bushira, ambaye paji lake lilikuwa limegusana na la Nakhisa, hakuhitaji kuisikia. "Kale," akasema, ile "haya" ya watu wa Kampala. "Kale, dada yangu. Na mimi nashukuru. Nilipewa nilichoomba."

Kabla ya kurudi Nairobi, Wandera mwenyewe alisema waende tena Kisenyi. Alitaka kununua kile cha rahisi, kingine, kwa ajili ya sokoni, na kile chake kibaki cha nyumbani na cha hospitali, mahali ambapo dada yake alikuwa na mengi ya kueleza. Abdul-Latif alichagua kimoja, akakijaribu betri, akahamishia maneno yote, na safari hii akatengeneza na nakala ya akiba.

"Niambie kweli," Wandera alimwuliza huku akisubiri. "Hivi vyako vinaweza kushindana na hiki changu?"

Abdul-Latif alifikiri. Hakuwa mtu wa kujigamba. "Kwa nguvu, hapana. Kwa kioo, hapana. Kudumu, umeona mwenyewe." Akakuna ndevu. "Lakini dada yako siku ile hakuja hapa kuchagua kati ya yangu na yako. Yako ilikuwa haipo. Alikuwa anachagua kati ya hii na kukosa. Hapo ndipo mimi nashindana. Na watu wengi wanaokuja kwangu wako hapo."

Wandera alitikisa kichwa polepole, akakubali, akampa mkono. Nakhisa alikuwa amesimama kando, ameshika kishikwambi kipya ambacho bado kilinuka plastiki. Alipekua vitufe hadi akafika kwenye ile asante ya polepole. Tangu siku ya mvua hakuwa ameigusa kwa ajili ya mtu yeyote, kwa kuwa hata yeye hakujua ni ya nani, wala wa kushukuriwa watakuwa wangapi. Akaigusa mbele ya Abdul-Latif. Kikafikiri kwanza, kisha kikaisema, kutoka ndani ya debe. Abdul-Latif aliona haya, akaanza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Twende tule," Bushira akasema, "kabla mtu hajalia tena."

Daktari alikuwa amemruhusu Nakhisa chakula kigumu wiki ileile; hadi hapo alikuwa akiishi kwa uji na supu. Waliingia hoteli ya Wasomali nyuma ya gereji, Abdul-Latif akiwa amefunga kibanda chake kwa heshima ya wageni. Sahani zikaletwa, wali wa manjano na mbuzi, na ndizi mbivu juu ya kila sahani. Wandera alitoa ndizi yake pembeni akidhani imekosea njia. Abdul-Latif akairudisha, akamwonyesha jinsi ya kuikata na kuila pamoja na wali. Wandera akajaribu kwa mashaka, akakata kipande kingine.

Nakhisa alitafuna polepole kama alivyoagizwa. Akameza. Wali ukateremka bila kukwama. Akatafuna tena. Wenzake walikuwa wakibishana kuhusu pilipili, Bushira akisema ya Kawempe ni kali zaidi, Abdul-Latif akisema si kweli, na vishikwambi vyote viwili vilikuwa mkobani chini ya meza. Hakuna aliyemwuliza kitu, naye hakuwa na haja ya kujibu. Alisogeza sahani yake mbele kidogo, na Bushira, bila kukatiza ubishi wake, akamwongezea nyama.